Aliyesimama Nje ya Lango

Samaki changu alikuwa tayari mezani, mzima, mkia umeinuliwa kwa uzi kama inavyotakiwa siku ya heri, na mwanamume aliyeandaliwa karamu hiyo alikuwa amesimama barabarani akikataa kuingia.

Chisato Kunieda ndiye aliyemwona kwanza. Alikuwa kwenye ngazi za ukumbi wa sala, amevaa joho jeupe na sketi ndefu nyekundu ya wahudumu wa hekalu, nywele zimefungwa kisogoni kwa karatasi nyeupe. Alimwona Takuma Senoo akivuka kutoka upande wa benki katika suti nyeusi, mkononi kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa cha zambarau. Alimwona akifika langoni. Kisha akamwona amesimama.

Alidhani anafuta jasho. Ulikuwa mwezi wa saba na Osaka yote ilikuwa kama sufuria iliyofunikwa. Nyenze walipiga kelele juu ya mkafuri wa uani hata magari ya barabara ya juu yakasikika kwa shida. Lakini Takuma hakutoa leso. Alisimama kando ya nguzo ya kushoto, upande wa nje, macho chini, na wafanyakazi wa ofisini waliokuwa wakienda kula wakampita huku na huku bila kumtazama.

Hekalu la Hirumaki si kubwa. Limebanwa kati ya benki na mnara wa maegesho, na mtu mwenye haraka anaweza kulipita akidhani ni bustani ya benki. Ukoo wa Kunieda ulikuwa umelitunza kwa vizazi vingi, baba akimwachia mwana, na sasa hapakuwa na mwana. Alikuwapo Chisato tu. Kwa hiyo mwanamume atakayemwoa ilibidi aingie katika ukoo wao, achukue jina lao, asomee ukuhani na siku moja alishike hekalu. Wanaume wawili walikwisha kusikia sharti hilo, na kila mmoja akakumbuka kwamba ana shughuli nyingine. Takuma, mhandisi wa lifti, alilisikia akasema sawa. Mama yake alikwisha kufariki, alisema, na baba yake alifariki zamani zaidi. Hapakuwa na mtu wa kulililia jina la Senoo.

Siku hiyo kuhani Morihiko Kunieda, baba yake Chisato, angempeleka mbele ya mungu wa hekalu na kumtaja kuwa mkwe wa nyumba. Wawakilishi wa waumini walikuwa wameshakaa kwenye mikeka, sake, pombe ya mchele, imeshamiminwa kwenye vikombe vyekundu.

Shangazi Hatsue, dada wa kuhani, alitoka akasimama kando ya Chisato. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyepinga ndoa hiyo tangu mwanzo, na hakuwahi kujisumbua kuficha.

"Mchumba wako amegeuka jiwe," alisema. "Kamwambie simba wa mawe wa langoni tunao wawili tayari. Wanatosha."

Chisato hakumjibu. Alishuka ngazi, akakata uwanja wa changarawe akitembea upesi kuliko inavyomfaa mtu aliyevaa joho, akatoka langoni.

Takuma alimwangalia mara moja akageuza uso. Ilikuwa ni kule kugeuza uso kulikomkasirisha. Uso huo aliujua kuliko wake mwenyewe: makovu mawili madogo kidevuni, nyusi zinazokutana akifikiri. Usiku uliotangulia alikuwa amelala akiufikiria, na sasa mwenyewe alikuwa akimwonyesha sikio.

Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba watu wanangoja. Takuma akasema anajua. Alimwuliza kama anaumwa, akasema hapana. Kisha akasema, kama mtu anayesoma tangazo, kwamba leo hataweza kuingia, na anaomba jambo lisogezwe mbele, labda hadi mwezi wa tisa.

"Mwezi wa tisa," Chisato alirudia. "Samaki amechomwa leo. Tukamwambie asubiri?"

"Chisato, naomba."

"Umebadili mawazo. Sema tu. Waliokutangulia walisema, na hawakufa."

"Sijabadili."

Alimshika mkono wa koti akamvuta. Hakuwa na nia ya kumvuta mbele za watu, lakini mkono ulitangulia. Takuma hakuvutika. Alikaza miguu, na alipoona kiatu chake kinakaribia jiwe la kizingiti alikirudisha nyuma haraka, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Kisha akanyoosha mkono wenye kifurushi, mrefu kadiri alivyoweza, huku mwili wote ukibaki nyuma.

"Mpe Mwalimu," alisema. Ndivyo alivyomwita kuhani tangu aanze kusoma kwake. "Ni sake. Mpe wewe, tafadhali."

Chisato alitazama mkono ule. Alitazama viatu. Alikuwa amezaliwa ndani ya lango hilo na alikuwa ameona maelfu ya watu wakiingia. Wengi huinama kidogo wakapita. Wageni husimama katikati wakapiga picha. Lakini wapo wachache ambao hawainami wala hawapiti. Husimama kando ya nguzo, upande wa nje, na kama wana kitu cha kuleta hukinyoosha kwa mkono ili aliye ndani akipokee. Hao hawahitaji kuulizwa. Nyumba iliyofikwa na kifo haipiti lango la mungu hadi siku hamsini ziishe. Watu wa mjini wengi wameshasahau. Wa Hirumaki hawasahau.

Akauachia ule mkono wa koti.

"Nani amekufa?"

 Lori la vinywaji lilisimama karibu nao, dereva akashuka, akapakua kreti, akaondoka. Takuma alizifuata kreti kwa macho.

"Nimekuuliza."

"Baba."

"Baba yako alikufa ukiwa shule ya sekondari."

"Hapana," Takuma alisema. "Amekufa Jumanne ya wiki iliyopita."

Hakulia wala hakupaza sauti. Chisato alihisi kitu kikipoa ndani ya kifua chake, na baridi hiyo ilikuwa hasira, ingawa haikufanana na hasira nyingine alizowahi kuzijua.

Ilibidi afikirie taratibu. Alikuwa amekutana na mwanamume huyu hapa hapa, barabarani, nje ya nguzo hii, majira ya baridi mama yake Chisato alipofariki. Kuhani mwenyewe hakuingia ukumbini siku hizo. Kuhani wa hekalu jingine aliletwa kushika ibada. Chisato alipita mlango wa nyuma wa nyumba yao, na kila asubuhi alifagia barabara tu, upande wa nje, kwa sababu uani hakuruhusiwa. Kijana mwenye sare ya kampuni ya lifti, aliyekuwa akitengeneza mitambo ya benki, alimwuliza kwa nini anafagia barabara ya serikali na uani kumejaa majani. Alimweleza. Kijana akasema: Mimi pia. Baba yangu amekufa. Najua ilivyo.

Kwa maneno hayo alimpenda. Hilo halikuwa jambo la kukisia. Angeweza kuonyesha mahali aliposimama na ufagio ulipoegemea. Watu walikuwa wamempa pole wiki nzima, na pole zao zote zilimpita. Za huyu zilimwingia kwa sababu alidhani zinatoka kwa mtu aliyepita njia hiyo hiyo.

"Siku ile," alisema. "Nilikuwa nimefiwa na mama yangu kweli. Wewe ulikuwa na baba mzima, ukaazima msiba ambao haukuwa wako."

"Sikujua alipo," Takuma alisema. "Siku zile. Alitutoroka, akaingia kwenye pombe, mama akafa akimngoja. Nilikuwa nikiulizwa, nasema amekufa. Nilishazoea kusema. Na niliposema kwako nilikuwa naamini, au nilikuwa nataka iwe hivyo. Sijui."

"Kisha?"

"Kisha nikampata."

Alisimulia kwa vipande, na Chisato hakumsaidia. Mwaka uliofuata alipigiwa simu na hospitali. Baba yake alikuwa akiishi Nishinari, mtaa wa vibarua, vituo vichache tu kutoka hapo kwa treni ya chini ya ardhi. Alikuwa ameacha pombe. Alikuwa anabeba mabomba ya jukwaa la ujenzi kwenye majengo, na mgongo ukishindwa anafagia stendi ya baiskeli. Alikaa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta. Takuma alimnunulia feni. Kila Jumapili alikwenda, wakala, wakacheza mchezo wa ubao wa shogi.

"Jumapili," Chisato alisema. "Uliniambia unakwenda kuvua samaki."

"Ndiyo."

"Hukuwahi kuleta hata mmoja. Nilikuwa nawatetea kwa Shangazi, hao samaki. Nilisema unawarudisha baharini kwa huruma."

Takuma alifumba macho. Kwa muda mfupi mdomo wake ulitaka kucheka, na Chisato aliona, na yeye pia karibu acheke. Hilo likamkasirisha zaidi ya yote.

"Usithubutu," alisema.

"Nilitaka kukwambia. Baada ya Mwalimu kunikubali nilimwambia Baba kwamba nitakuja kusema ukweli. Akaniuliza nyumba yenyewe ni ya namna gani. Nikamweleza. Mkwe wa kuingia, jina jipya, ukoo wa makuhani. Akafikiri mpaka chai ikapoa. Akasema: waache waamini nimekufa. Mtoto wa kiume wa pekee akiwa na baba hai, watauliza baba ni nani. Wakiuliza watakuja kuona. Wakija kuona, basi. Akasema itakuwa rahisi kwa kila mtu."

"Na wewe ukakubali."

"Alisema yeye mwenyewe."

"Alisema yeye. Mzazi akisema sina njaa, we' unakula sahani yake?"

 Takuma alikuwa na jasho kidevuni, kwenye yale makovu, na Chisato alijizuia kulifuta, jambo ambalo mkono wake ulikuwa umeshaanza kulitenda.

Akamwuliza kwa nini basi amekuja leo. Takuma akasema alimwomba Mwalimu mara mbili aahirishe, akaambiwa siku ni ya heri na baada yake kuna tamasha la kiangazi. Hakutaja sababu. Asubuhi alijiambia ataingia tu. Nani angejua? Aliyekufa alikwisha kufa zamani katika maneno ya Takuma mwenyewe. Alipanda treni akiwa na uhakika. Alivuka barabara akiwa na uhakika.

"Nimefika hapa, miguu imekataa."

"Miguu yako ina adabu kuliko mdomo wako."

"Wewe ndiye uliyenifundisha," Takuma alisema. "Siku ile ya ufagio. Nimeweza kumdanganya baba yako, na wewe nimekudanganya miaka miwili. Lakini kupita hapa nikiwa nimetoka kuuchoma mwili wa Baba, nimeshindwa."

Kutoka uani ilisikika sauti ya kikombe kikiwekwa. Watu walikuwa wameacha kuzungumza huko ndani. Chisato alijua wanasikiliza, na kwamba Shangazi amesogea mpaka kwenye birika la kunawia ambako maneno ya langoni husikika vizuri. Hakujali tena.

"Ijumaa tulikula tambi pamoja," alisema. "Ulimaliza bakuli lako ukaongeza."

"Nilikuwa sijala tangu Jumanne."

"Ulimchoma lini?"

"Alhamisi."

"Mifupa kwenye majivu nani aliiokota?"

Takuma alihamisha kifurushi mkono wa pili.

"Takuma. Mfupa mmoja hushikwa na watu wawili, vijiti kwa vijiti. Nani alikuwa upande wa pili?"

"Mfanyakazi wa tanuri," alisema. "Aliona niko peke yangu. Akavua kofia akanisaidia."

Hapo ndipo Chisato alipompiga. Hakumpiga usoni, alimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili, mara moja, na kifurushi kikaanguka, kitu ndani yake kikavunjika. Harufu ya sake ikapanda kutoka kwenye lami ya moto. Mwanamke aliyekuwa akipita na mwavuli wa jua alivuka akaenda upande wa pili wa barabara.

"Ningekuwa mimi," alisema. "Upande wa pili ningekuwa mimi. Hiyo ilikuwa nafasi yangu, ukampa mtu wa tanuri."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungenipigia simu. Nilikuwa hapa, Alhamisi. Nilikuwa nashona ukosi wa hilo joho utakalovaa. Ungesema neno moja."

Aliingiza mikono katika mikono mipana ya joho lake. Takuma aliinama kuokota vipande vya chupa, kisha akaviacha. Akiwa bado amechutama, bila kuinua kichwa, akasema kwamba kuna jambo jingine, na afadhali aseme yote leo.

Baba yake aliwahi kuja. Wakati wa mvua, mwezi uliopita. Alikuwa amesikia habari za Chisato kila Jumapili akataka kumwona kwa macho. Alikwenda kwanza kunyolewa. Aliingia kwa lango hili, akasali, kisha akaenda kwenye kidirisha cha hirizi ambako Chisato alikuwa zamu. Aliomba hirizi ya afya. Chisato alimpa, akamwambia ajitunze, njia ina utelezi. Hayo tu. Jumapili iliyofuata mzee aliyasimulia mara tatu, akiigiza na sauti.

"Alisema una sauti ya mtu asiyependa upuuzi," Takuma alisema. "Alisema nina bahati."

Chisato alijaribu kukumbuka. Alijaribu kwa bidii, akipitia siku za mvua moja moja kama mtu anayepekua droo. Waliokuja walikuwa wengi: wazee wenye miavuli ya duka la bei rahisi, wazee wenye kofia, wazee waliolowa. Kwa kila mmoja alisema ajitunze, njia ina utelezi. Alikuwa akisema hivyo kwa mazoea. Hakumkumbuka. Alikuwa amesimama mbele ya baba mkwe wake, amempa kitu kwa mikono miwili, akamtazama, na hakubaki na chochote, hata umbo la mkono.

"Hirizi iko wapi?"

"Nilimwekea kwenye jeneza. Mfuko wa shati."

Machozi yalimjia wakati huo, ya hasira, na aliyaacha yateremke kwa sababu mikono ilikuwa imejificha. Takuma aliinuka. Wakatazamana kwa mara ya kwanza tangu afike. Macho yake yalikuwa mekundu na makavu, ya mtu aliyekesha akiwaza jambo asilo na wa kumwambia, na Chisato aliona jinsi alivyokonda shingo ndani ya ukosi wa shati. Alimpenda. Ukweli huo ulikuwapo mbele yake kama lile jiwe la kizingiti, na haukupunguza hasira yake hata kidogo.

Changarawe ikalia nyuma yao. Kuhani Morihiko alikuwa anakuja akiwa na joho la ibada na kofia ndefu nyeusi, Shangazi Hatsue akimfuata, na nyuma yao wawakilishi wa waumini walisimama kwenye ngazi, hawakai wala hawaondoki. Kuhani alifika karibu na lango akasimama upande wa ndani. Alikuwa mtu wa maneno machache na alipokasirika yalizidi kupungua.

"Nimesikia ya kutosha," alisema.

Takuma aliinama mpaka kiunoni akabaki hivyo. Alisema hana utetezi. Kuhani alimwuliza jambo moja tu: kama siku ile alipokubaliwa ndani ya nyumba hii, akala chakula cha nyumba hii, na kuulizwa kuhusu wazazi wake, alijua kwamba baba yake yu hai. Takuma akasema alijua.

"Basi hakuna cha kuzungumza. Lango hukulipita, na kwa hilo tu nakushukuru. Rudi kwako. Chisato, ingia ndani."

Shangazi Hatsue alipumua kama aliyetua ndoo. Akasema kwamba yeye alikwisha kunusa tangu mwanzo. Mvuvi asiye na harufu ya samaki, wapi na wapi. Akasema wageni wapewe chakula, tusiwaaibishe zaidi, na kwamba Chisato abadilishe joho, lina maji ya sake pindoni.

Chisato hakusogea.

Alitazama jiwe la kizingiti. Kutoka hapo alipokuwa hadi uani ilikuwa hatua ndogo, aliyoipiga tangu hajajua kuongea. Ndani kulikuwa na baba yake, hekalu lake, na ngoma ya tamasha ambayo angeicheza siku chache zijazo, kama alivyoicheza kila mwaka na kama mama yake alivyoicheza kabla yake. Nje palikuwa na mwanamume mwongo na lami iliyolowa sake.

"Siwezi kuingia, Baba," alisema.

"Sikukuuliza kama unaweza."

"Siwezi kuingia," alirudia, na sauti yake ilikuwa kavu, ile isiyopenda upuuzi. "Nimefiwa."

Nyenze waliendelea. Kuhani alisogea hadi kwenye kizingiti.

"Umefiwa na nani?"

"Baba mkwe wangu."

"Hakuna ndoa hapa," Shangazi alisema. "Hata posa haijatajwa mbele ya mungu. Huyo ni baba mkwe wa nani? Mtu hujamjua sura. Hata jina lake hulijui wewe!"

Ilikuwa kweli. Neno hilo lilimpata kama kibao, kwa sababu lilikuwa kweli kabisa. Muda wote huo alikuwa amelia na kupiga ngumi kwa ajili ya mtu asiyemjua jina. Alimgeukia Takuma, ambaye alikuwa bado ameinama.

"Inuka," alisema. "Usidhani nimekusamehe. Inuka umtaje. Umemficha kwa kila mtu akiwa hai. Sasa mtaje, hapa, wamsikie."

Takuma aliinuka.  Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, hata wale waliokuwa kwenye ngazi wakaisikia.

"Yoshikazu Senoo."

 Shangazi Hatsue alifungua mdomo, akamtazama kaka yake, akaufunga.

Kuhani Morihiko alikuwa amesimama vile vile, uso haujalegea. Jina la marehemu lilikuwa limetajwa mbele ya kuhani aliyevaa joho, na kazi ya ukuhani alikuwa ameifanya miaka mingi mno kuweza kulisikia jina kama hilo na kubaki mikono chini. Akapiga hatua akatoka langoni. Alisimama barabarani pamoja nao, upande wa nje, akageuka kuelekea kusini, ambako ndiko Nishinari iliko. Akainama mara mbili. Akainua viganja vyake kifuani, akavikutanisha, akavitenga, akavikutanisha tena: makofi mawili yasiyotoa sauti, yale ambayo hupigiwa wafu peke yao. Akainama mara ya mwisho.

Alipogeuka hakumtazama Takuma.

"Siku hamsini, nyote wawili," alisema. "Nitahesabu mwenyewe."

Akaingia ndani, na dada yake akamfuata akinong'ona. Kwenye ngazi wawakilishi wa waumini walimpisha.

Takuma alifunika uso kwa mikono. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na sasa alikuwa analia kweli, kwa sauti, kama mtu aliyengoja tangu Jumanne apewe ruhusa. Chisato alimwacha. Alikusanya vipande vya chupa ndani ya kitambaa cha zambarau, akakifunga, akakiweka chini ya nguzo mtu asije akajikata. Watu wa ofisini walianza kurudi kutoka kula, wakamwangalia mhudumu wa hekalu aliyechutama barabarani na joho lake, wakapita.

Kilio kilipopungua Takuma alinyoosha mkono kutaka kumshika. Chisato alirudi nyuma.

"Usiniguse bado," alisema. "Nina hasira na wewe, na sijui zitakwisha lini."

"Sawa."

"Chumba chake bado unacho?"

"Hadi mwisho wa mwezi. Yeye mwenyewe yuko hapo, ndani ya chungu cha majivu, juu ya meza. Na picha."

"Udi wa kumfukizia upo?"

Takuma akasema umekwisha jana.

"Tutanunua njiani," Chisato alisema, akaanza kutembea kuelekea kituo cha treni, mikono ndani ya joho, bila kungoja kuona kama anafuatwa.